Jozi za Barafuni na Adabu ya Kutazama

Mtu wa pwani apendaye mashindano ya kuteleza juu ya barafu kwa jozi, naye amekulia katika nchi ambayo barafu ni kitu cha kulazia samaki au cha kutuliza koo la mtoto katika joto la kaskazi, aghalabu huujua mchezo huo kwa upande wa kilele chake tu: usiku wa fainali, jozi nne au tano zilizo bora kupita zote ulimwenguni, muziki, mavazi yanayometameta, na mwanamke aliyeinuliwa kwa mkono mmoja juu ya kichwa cha mwanamume ambaye mwenyewe yumo mbioni juu ya vyuma viwili vyembamba, nao wote wawili wanatabasamu kana kwamba jambo hilo halina uzito wala hatari. Nasema bila ya kusitasita kwamba atazamaye hivyo amenyimwa nusu ya mchezo, na nusu aliyonyimwa ndiyo yenye ilimu. Kwani ustadi ukishakamilika huzificha njia zake, na anayetaka kuzijua njia hizo sharti awatazame wanagenzi kwanza, kisha wa daraja la kati, kisha ndipo awatazame mafundi.

Nakaa Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa, na hapana uwanja wa barafu karibu nami. Ule niujuao katika nchi yetu ni uliofunguliwa Nairobi mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, kando ya barabara iitwayo, kwa sadfa inayonipendeza, Barabara ya Mombasa. Nao, pamoja na fadhila zake, ni mdogo kuliko viwanja vya mashindano makubwa ambavyo hutimia mita 60 kwa 30. Ninachokiona, basi, nakiona katika kioo cha televisheni na cha simu. Lakini neema moja ya zama hizi ni kwamba mashindano ya vijana, yale ya mfululizo ulioanza mwaka 1997, huonyeshwa bure katika YouTube tangu jozi ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu wa Likoni mwenye saburi na vifurushi vya intaneti huweza kuyatazama yote kwa utaratibu ule ule anaoupata aliyeketi ukumbini.

Yafaa niyaeleze kwa ufupi mambo wanayotakiwa kuyafanya wawili hao. Wanaruka kwa wakati mmoja, kila mmoja peke yake lakini kwa mwendo mmoja, na kuzunguka hewani idadi ile ile ya mizunguko. Mwanamume humrusha mwenzake mbele, mwanamke akazunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume. Humrusha tena wima juu ya kichwa chake, mwanamke akazunguka amelala hewani mara mbili au tatu, kisha mwanamume akamdaka kiunoni kabla hajaifikia barafu. Humwinua na kumchukua masafa marefu huku mwenyewe akizunguka. Na katika jambo lile linaloitwa duara la mauti, mwanamume hukita chuma chake mahali pamoja na kumshika mwenzake mkono mmoja, naye mwanamke, amelala karibu ya kuigusa barafu kwa nywele zake, humzunguka kwa ukingo wa chuma kimoja tu. Hakuna hata moja katika mambo hayo ambalo mtu mmoja angaliweza kulifanya peke yake vema, isipokuwa ile miruko ya sambamba. Na hata hiyo haina thamani kama mmoja ametua na mwenzake angali juu.

Kwa mabingwa, jicho huona umbo moja. Kwa wanagenzi, huona watu wawili, na hapo ndipo darasa linapoanza. Utamwona mvulana akihesabu kwa midomo kabla ya kuruka, ili mwenzake amfuate. Utamwona msichana akiutafuta mkono wa mwenzake kwa macho kabla ya kuutafuta kwa mkono, na kwa nukta hiyo moja mwendo wao wote ukapoa, na mruko ambao ulikuwa uzaliwe na kasi ukalazimika kuzaliwa na nguvu za misuli. Utaona jinsi wanavyobadilisha mshiko mara mbili kabla ya kuinuana, na jinsi mvulana anavyotanua magoti na kuvuta pumzi kwa mwili mzima, na jinsi msichana anavyokaza mgongo uwe kama ubao, kwa kuwa mwili uliolegea ni mzito kuliko mwili ule ule uliokazwa. Kanuni za madaraja ya chini, kwa hekima, huwazuia wengi wao wasipandishane juu ya kichwa; kwa hiyo wanachotupa ni msingi mtupu: kuteleza pamoja, kugeuka pamoja, kushikana na kuachana bila ya kupotezana. Na asiyeuona uzito wa hayo kwa wanagenzi hatauona wepesi wake kwa mabingwa.

Lakini walio na faida kubwa kabisa kwa mtazamaji ni wale wa kati, ambao hawasifiwi na mtu. Hao wamekwisha kujifunza kila kitu. Wanaruka, wanarushana, wanainuana, na aghalabu hawaanguki. Na bado mtu huhisi, bila ya kujua kwa nini, kwamba kuna kitu kimepungua. Nimetafakari sana juu ya upungufu huo, na rai yangu ni kwamba hao ni jozi wakati wa tendo tu, lakini kati ya tendo na tendo wanarudi kuwa watu wawili wanaosafiri njia moja. Wakimaliza kuinuana huachana, kila mmoja akajishughulisha na kujitengeneza kwa ajili ya mruko ujao. Mafundi hawafanyi hivyo. Kwao njia ya kuliendea tendo ni sehemu ya tendo, hatua ya kuingilia imefichwa ndani ya hatua ya kutokea, na mikono yao hata ikiachana huonekana inajuana. Tofauti hiyo haionekani kwa kuwatazama mafundi peke yao, kwa sababu hakuna cha kuwapimia. Huonekana wazi dakika ile jozi ya kati inapotoka uwanjani na jozi ya juu ikaingia.

Waamuzi nao wanayo mizani yao, ambayo siku hizi ni ya hesabu nyingi. Kila tendo lina thamani yake ya msingi, na matendo kama kuinuana hupewa ngazi hadi ya 4 kwa ugumu wake. Kisha waamuzi, ambao katika mashindano makubwa hufikia tisa, huongeza au hupunguza kwa alama kuanzia 5 chini ya sufuri hadi 5 juu yake, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa ili upendeleo wa mmoja usitawale. Mizani hii ilizaliwa na fedheha ya fani hii hii ya jozi. Katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, mwamuzi mmoja wa Ufaransa alisema ameshurutishwa kuwapigia kura Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, waliokuwa wa pili, wakapewa nao dhahabu siku chache baadaye, na utaratibu wa kale wa alama 6 ukawekwa kando. Naiheshimu mizani mpya kwa insafu yake. Hata hivyo mizani haimfundishi mtazamaji kuona. Humwambia tu aliyeona zaidi amehukumu nini.

Niwataje na watu wazima. Tangu mwaka 2005, huko Oberstdorf katika milima ya kusini mwa Ujerumani, Umoja wa Kimataifa wa Mchezo wa Kuteleza umekuwa ukifanya mashindano ya watu wenye umri wa miaka 28 na kuendelea, na wamo humo watu ambao nywele zao zimekwisha kuwa nyeupe. Wako wanaoteleza kwa jozi. Hawarushani mbali, wala hawakimbii sana. Nimeona katika picha za mashindano hayo jambo ambalo sikuliona kwa vijana wenye nguvu: mwanamume akimteremsha mwenzake kutoka begani kwa taratibu na taadhima, mguu wake ukiiona barafu kabla haujaigusa, na huko kuteremsha kukawa kuzuri kuliko kule kuinua. Tangu hapo, nikiwatazama mabingwa, nautazama mteremsho kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, nalo ni kicheko. Mwaka 1980 Wachina wawili, Yao Bin na mwenzake Luan Bo, walikwenda Dortmund kushindana katika mashindano ya dunia, na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa jozi ya nchi yao kufika huko. Walikuwa wamejifundisha kuinuana na kurushana kwa kutazama picha zilizopigwa, picha zisizokwenda, wakikisia kile kilichotangulia picha na kile kilichofuata. Wakawa wa mwisho, na watu walioketi ukumbini wakawacheka. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Sarajevo, wakawa wa mwisho tena. Lau habari ingalikomea hapo, hakuna ambaye angaliwakumbuka, kwa sababu vyombo vya habari havina rafu ya kuwawekea wa mwisho. Haikukomea hapo. Yao Bin akawa mwalimu, akawachukua watoto wa Harbin, mji ambao baridi yake huugandisha mto, akawafundisha mambo aliyoyapata kwa kukisia; na mwaka 2006, katika Olimpiki ya Torino, jozi zake tatu zikashika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Katika hiyo jozi ya pili, Zhang Dan alianguka vibaya kwa mruko wa kurushwa, akaumia goti, akatolewa kando, kisha akarudi uwanjani na mwenzake Zhang Hao wakamaliza muziki wao. Mwaka 2010 huko Vancouver wanafunzi wake wengine, Shen Xue na Zhao Hongbo, mke na mume, wakaitwaa dhahabu ambayo tangu mwaka 1964 haikuwahi kukosa jozi ya Kisovieti au ya Kirusi. Na Zhao huyo huyo akawa mwalimu wa Sui Wenjing na Han Cong, walioshinda Beijing mwaka 2022. Mtazamaji wa Dortmund aliyecheka alikuwa ameketi mbele ya mwanzo wa hayo yote, wala hakuuona, kwa kuwa alikuja kutazama ushindi na hakuja kutazama watu wakijifunza.

Katika usiku ule wa Vancouver kulikuwa na mtu mwingine ambaye sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kumjua kwa jina, nasi hatumjui. Robin Szolkowy alizaliwa mwaka 1979 katika mji wa Greifswald, uliokuwa Ujerumani ya Mashariki, mama yake Mjerumani na baba yake Mtanzania. Kuanzia mwaka 2003 aliteleza na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, chini ya mwalimu Ingo Steuer katika mji wa Chemnitz. Wakawa mabingwa wa dunia mara tano, mwaka 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014, na mabingwa wa Ulaya mara nne. Huko Vancouver walikuwa wa pili baada ya programu fupi, nyuma ya Shen na Zhao kwa chini ya alama moja, na muziki waliouchagua kwa programu ndefu ulikuwa ule wa John Barry wa filamu ya Out of Africa, iliyotengenezwa juu ya maisha ya Karen Blixen katika shamba lake chini ya vilima vya Ngong. Mwana wa Mtanzania akateleza barafuni Kanada kwa muziki uliotungiwa Kenya, na sina habari ya baraza moja hapa kwetu iliyolizungumza jambo hilo. Katika mruko wa sambamba Szolkowy akaanguka, akanyanyuka, akamfikia mwenzake, na dakika zilizosalia wakazimaliza kama walivyozipanga. Wakapata shaba. Mwaka 2014 huko Sochi wakapata shaba tena, na mwezi mmoja baadaye wakatwaa ubingwa wao wa tano wa dunia katika mji wa Saitama, Japani.

Huyo Savchenko ndiye ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 2002, kabla hajakutana na Szolkowy, alishindana Salt Lake City akiwa na mwenzake wa wakati huo kwa bendera ya Ukraine, akawa wa 15. Mwaka 2006 akawa wa sita. Mara mbili shaba. Na mwaka 2018 huko Pyeongchang, akiwa na umri wa miaka 34, pamoja na mwenzake mpya Bruno Massot, alikuwa wa nne baada ya programu fupi, kisha wakateleza programu ndefu iliyopata alama 159.31, ambazo hakuna jozi iliyokuwa imewahi kuzipata, wakaishinda dhahabu kwa tofauti isiyofika nusu alama. Aliyemtazama mwaka 2018 peke yake aliona utukufu. Aliyeanza naye mwaka 2002 aliona jinsi msichana mwenye haraka alivyokuja kujifunza kusubiri pumzi ya mwingine, na si pumzi ya mtu mmoja, bali ya watatu kwa zamu.

Wala sisi si wageni wa nafasi ya mwisho. Philip Boit, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, alifika wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za theluji huko Nagano mwaka 1998, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini hadi akafika, akamkumbatia. Dæhlie alitambua, kwa kuwa alikuwa fundi, kile ambacho mtu huyo alikuwa amekifanya. Na nadhani ni kanuni kwamba fundi wa kweli humtambua mwanagenzi kuliko anavyotambuliwa na hadhira nzima.

Jioni, katika ufuo wa Shelly hapa Likoni, na vile vile kule Kisauni katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji wameuzoea kwa jina la Pirates, huonekana vijana wa sarakasi wakifanya mazoezi mchangani. Wengi wao hutumaini kupata kazi ya kutumbuiza wageni hotelini, na wako Wakenya wa fani hiyo waliofika katika sarakasi za Ulaya na Marekani. Mtu aliyejifunza kuzitazama jozi za barafuni hawezi kupita hapo bila ya kusimama. Mambo ni yale yale: anayebeba na anayepanda, goti linalotanuliwa, mgongo unaokazwa, na lile neno fupi ambalo anayebeba hulisema kabla ya kunyanyua, ambalo kwa wanagenzi husikika hadi barabarani, na kwa waliokomaa halisikiki kabisa kwa sababu halisemwi tena. Hata hivyo watu hukusanyika wakati mnara wa watu watano umesimama, wakapiga makofi, wakaenda zao. Na yule mtoto anayejifunza kusimama juu ya mapaja ya kaka yake, akianguka, hupata kicheko cha wapita njia. Sikipendi kicheko hicho. Mtoto anayeanguka kutoka mapajani mwa kaka yake yuko kazini, na aliye kazini hustahiki staha.

Kuna watakaosema kwamba barafu si yetu, na kwamba habari zake ni anasa. Nawajibu kwamba mchezo huu una ndugu yake wa magurudumu, ambao nao una jozi zinazoinuana na kurushana, na mashindano yake ya dunia yalianza tangu mwaka 1947. Vijana wa viatu vya magurudumu wanaonekana katika mitaa ya Changamwe na Kisauni wakipishana na tuktuk, jambo linalonitia hofu kila nilionapo. Wanachokihitaji ni sakafu pana ya saruji laini, yenye kivuli na ukuta wa kuwatenga na magari, na sioni kwa nini kaunti yenye viwanda vya saruji mlangoni pake ishindwe kuwajengea hata moja kwa kila upande wa bara. Siku sakafu hiyo itakapokuwapo, nitataka pia iwe na kanuni. Watoto wasiharakishwe kuinuana kwa sababu ya kelele za watazamaji. Kwani huko kwenye barafu penyewe, mwezi wa Juni 2022, Umoja wa Kimataifa wa Mchezo wa Kuteleza ulilazimika kuupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, baada ya kuonekana dhahiri kwamba miili na nyoyo za watoto zilikuwa zikibebeshwa zaidi ya uwezo wake. Katika jozi jambo hilo ni zito maradufu, maana aliye mdogo ndiye anayepanda, na aliye juu ndiye anayeanguka mbali.

Kwa wenye vituo vya televisheni, ambao kila baada ya miaka minne hutuletea Olimpiki ya baridi kwa vipande vipande, nina ombi. Mashindano ya jozi yana programu mbili, na kwa kawaida katika programu ndefu wanaotangulia kuteleza ni wale wenye alama ndogo, makundi yakipanda hadi ya mwisho. Tuonyesheni kundi la kwanza. Muda wa jozi moja uwanjani katika programu ndefu ni kama dakika nne. Kundi la jozi nne, pamoja na kupasha misuli moto na kungojea alama, halizidi muda wa kipindi kimoja cha mazungumzo ya siasa. Mpeni mtangazaji karatasi yenye majina yao, ayasome kwa ukamilifu, aseme wametoka nchi gani na wanafundishwa na nani, na wakianguka asicheke. Jozi ya 15 ya mwaka huu ina watu wawili ambao huenda mmoja wao bado atakuwa akiteleza miaka kumi na sita ijayo, na ningependa mtoto wa Mtongwe aweze kusema kwamba alimwona tangu wakati ule.